Nakala Rudufu Inaposhindikana: Namna ya Kuchunguza na Kurekebisha Uhifadhi wa Kumbukumbu za Wagonjwa katika Diski ya Nje

Mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage iliyopo wilayani Muleba, mkoani Kagera, walitambuliwa wagonjwa watatu ambao wamehesabiwa kuwa wa kwanza kuripotiwa kuwa na UKIMWI nchini Tanzania. Wakati huo kumbukumbu za mgonjwa zilikuwa karatasi, kalamu na kabati la mbao. Hapakuwa na dawa ya kufubaza virusi, na faili la mgonjwa mara nyingi lilikuwa fupi. Tangu mpango wa taifa wa tiba na matunzo ulipoanza kutekelezwa mwaka 2004, hali imebadilika. Mtu anayeishi na VVU hutumia dawa maisha yake yote, na kwa sababu hiyo kumbukumbu yake nayo inapaswa kudumu maisha yake yote.

Leo hii sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imo ndani ya kompyuta. Katika Kituo cha Tiba na Matunzo, yaani CTC, mgonjwa hubaki na kadi yake, kituo hubaki na kadi ya pili katika faili, na takwimu za kila hudhurio huingizwa katika kanzidata. Humo zimo tarehe ya kuanza dawa, aina ya dawa, wingi wa virusi, uzito, na siku ya kurudi. Kwa mvuvi anayehama kutoka kisiwa cha Goziba kwenda Bumbire, kisha akarudi nchi kavu upande wa Bukoba, namba yake ya utambulisho na taarifa zilizofungamanishwa nayo ndizo zinazomwezesha mhudumu asiyemfahamu kuendeleza tiba pale ilipoishia.

Kompyuta hiyo ikiharibika, kitakachoulizwa kwanza ni kimoja: nakala rudufu iko wapi? Mara nyingi jibu huwa kwamba ipo katika diski ya nje iliyomo kwenye droo. Diski inapofunguliwa, hugundulika kuwa nakala ya mwisho ni ya miezi mitano iliyopita. Hakuna aliyeacha kazi yake kwa makusudi. Zoezi la kunakili lilishindikana siku moja, likaendelea kushindikana kimyakimya, wala hakuna aliyetazama.

Madhara yake hayaishii ofisini. Mtu aliyehudhuria kliniki kila mwezi, lakini mahudhurio yake hayamo katika kanzidata iliyorejeshwa, huonekana kuwa ameacha tiba. Jina lake huingia katika orodha ya wanaotafutwa, na mhudumu wa jamii hufika nyumbani kumuulizia mtu ambaye hakukosa hata siku moja, huku majirani wakitazama. Mwingine hufunguliwa faili jipya kama kwamba ndiyo kwanza anaanza dawa, na historia ya dawa zilizokwisha kushindwa mwilini mwake hupotea. Makala haya yanaeleza sababu zinazofanya unakilishaji kwenye diski ya nje ushindikane, na namna ya kuzichunguza kwa utaratibu.

Nakala rudufu ni nini

Nakala rudufu ni nakala ya pili ya taarifa, inayotunzwa mbali na ile ya kwanza, ambayo imethibitishwa kwamba inaweza kurejeshwa. Sehemu zote tatu za maelezo haya ni za lazima. Faili lililonakiliwa kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile si nakala rudufu, kwa kuwa diski ya ndani ikifa, yote mawili hufa. Kuhamisha mafaili kwenda kwenye diski ya nje na kuyafuta kwenye kompyuta si kurudufu, bali ni kuhama. Vilevile nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Lipo pia kosa la kuchanganya nakala rudufu na programu za kusawazisha, ambazo huifanya folda ya diski ya nje ifanane na folda ya kompyuta wakati wote. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya saa tatu asubuhi, programu hulifuta na kwenye diski ya nje. Kanzidata ikiharibika, uharibifu huo nao hunakiliwa. Programu za kunakili zenyewe zinaweza kukosea pia. Mwezi Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, hitilafu katika programu ya kurudufu ilifuta takriban terabaiti 77 za taarifa za watafiti. Ikiwa jambo hilo liliweza kutokea kwenye kituo chenye wataalamu wengi na mitambo mikubwa, kituo cha afya chenye kompyuta mbili kina sababu zaidi ya kukagua kazi yake.

Kuchukua historia ya tatizo

Tabibu haanzi kwa kuandika dawa, bali huanza kwa kumsikiliza mgonjwa. Vivyo hivyo, anayekabiliwa na nakala iliyoshindikana asianze kwa kufomati diski au kuisakinisha programu upya. Aanze kwa maswali machache na ayaandike majibu yake.

Ni lini nakala ilifanikiwa kwa mara ya mwisho? Ni nini kilichobadilika baada ya tarehe hiyo: waya, kompyuta, nywila, programu, au mtu aliyekuwa na jukumu hilo? Je, kazi inashindikana mwanzoni kabisa, katikati, au karibu na mwisho? Inashindikana kila siku au siku fulani tu? Skrini inaonyesha ujumbe gani, neno kwa neno? Kuna umeme uliokatika siku hiyo?

Majibu hayo hupunguza sana kazi inayofuata. Kazi inayoshindikana mwanzoni kabisa kwa kawaida huashiria kwamba diski haionekani, haina ruhusa, au imebadili herufi. Inayoshindikana katikati kwa nyakati zisizotabirika huashiria waya, umeme au diski inayochoka. Inayoshindikana kila mara kwenye faili lilelile huashiria kwamba faili hilo linatumika, ni kubwa kupita kiasi, au limeharibika. Inayoshindikana siku za Jumamosi na Jumapili pekee huenda haina ugonjwa wowote: kompyuta huwa imezimwa.

Uchunguzi wa nje: waya, tundu na umeme

Diski ndogo za nje hupata umeme wake kupitia waya uleule unaopitisha taarifa. Tundu la USB la aina ya 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la aina ya 3.0 miliampia 900. Diski inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi zaidi kuliko inapokuwa imetulia. Ikichomekwa kwenye tundu la mbele lililolegea, kwenye waya mrefu wa kuungia, au kwenye kigawanyishi kinacholisha pia kipanya, kibodi na printa, umeme hupungua na diski hujikata katikati ya kazi. Dalili zake ni mlio wa kompyuta wa kuunganisha na kuachana unaojirudia, au taa ya diski inayozimika na kuwaka.

Hatua ya kwanza ni kuchomeka diski moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta, kwa waya mfupi uliokuja nayo. Hatua ya pili ni kubadili waya. Hatua ya tatu ni kujaribu diski hiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikifanya kazi huko, kosa liko kwenye kompyuta ya kwanza. Ikishindwa kotekote kwa waya ulio mzima, kosa liko kwenye diski. Hatua hizi tatu hazina gharama wala hatari, na ndiyo maana hutangulia nyingine zote.

Mazingira ya Kagera yana mchango wake. Mkoa huu kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka nchi jirani ya Uganda badala ya gridi ya taifa, na kukatika au kuyumba kwa umeme si jambo geni kwa wakazi wake. Bukoba ni mji wenye mvua nyingi, wastani unaokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ngurumo za radi kutoka ziwani ni za kawaida. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili hubaki nusu, na wakati mwingine jedwali linaloonyesha mafaili yalipo huvurugika. Betri ya akiba, yaani UPS, haikusudiwi kuendesha ofisi siku nzima. Kazi yake ni kutoa dakika chache za kumaliza kunakili na kuzima kompyuta kwa usalama. Wakati wa radi ni vema kuchomoa vifaa vyote, diski ikiwemo, kwa kuwa umeme wa ghafla unaweza kuiunguza kompyuta na nakala yake kwa pamoja.

Uchunguzi wa ndani: sababu zinazojirudia

Sababu ya kwanza ni diski kujaa. Chukulia kanzidata yenye ukubwa wa gigabaiti 2, inayonakiliwa nzima kila siku kwa jina jipya. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonyeshwa na Windows kuwa na takriban 465, kwa sababu ya tofauti ya namna ya kuhesabu. Hiyo ina maana kwamba itajaa baada ya siku 232, yaani katika mwezi wa nane, na kuanzia hapo kila nakala itashindikana. Dawa si kununua diski kubwa zaidi pekee, bali ni kupanga nakala zipi zibaki. Kituo kinachotunza nakala za siku 14 za mwisho, nakala 8 za kila wiki, na 12 za kila mwezi kitakuwa na nakala 34, ambazo ni gigabaiti 68 tu, na bado kitaweza kurudi nyuma mwaka mzima.

Sababu ya pili ni fomati ya diski. Diski na flashi nyingi huja zikiwa na fomati iitwayo FAT32, ambayo haipokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi. Mtumiaji huambiwa kwamba faili ni kubwa mno ilhali diski ina nafasi tele. Suluhisho ni kuhamishia mafaili yaliyomo mahali pengine salama, kisha kuifomati diski kwa NTFS. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo hatua ya kuhamisha haina budi kutangulia.

Sababu ya tatu ni herufi ya diski. Windows huipa kila diski herufi. Programu ikiwa imeagizwa kunakili kwenda E, na siku hiyo mtu akawa ametangulia kuchomeka flashi yake, flashi huchukua E na diski ya nje huwa F. Hapo kazi itashindikana, au litatokea jambo baya zaidi: taarifa za wagonjwa zitanakiliwa kwenye flashi ya mtu binafsi, atakayeondoka nayo jioni. Dawa ni kuipa diski ya nakala herufi ya kudumu iliyo mbali katika alfabeti, kwa mfano R, kupitia sehemu ya usimamizi wa diski katika Windows, na kurekebisha agizo la programu lifuate herufi hiyo.

Sababu ya nne ni kanzidata kuwa wazi. Karani anapoendelea kuingiza takwimu, faili la kanzidata hufungwa lisisomwe na programu nyingine, au husomwa likiwa katikati ya mabadiliko. Nakala itakayopatikana huenda ikafanana kwa ukubwa na ile halisi lakini isifunguke. Kwa sababu hii mfumo wowote wenye amri yake ya kutengeneza nakala unapaswa kunakiliwa kwa amri hiyo, si kwa kuburuta faili kwa kipanya. Pale ambapo amri hiyo haipo, watumiaji wote watoke kwanza kwenye mfumo, kisha kunakili kuanze.

Sababu ya tano ni saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, kwa kawaida aina ya CR2032 yenye volti 3, inayoihifadhi saa wakati umeme haupo. Ikiisha, kila umeme ukikatika kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kazi iliyopangwa kufanyika kila siku saa kumi jioni haianzi, kwa kuwa kwa hesabu ya kompyuta siku hiyo bado haijafika. Nakala mpya huandikwa tarehe ya zamani, na programu inayofuta nakala kuukuu huweza kufuta ile iliyo mpya kuliko zote. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na tarehe isiyo sahihi kwenye kona ya skrini ni dalili isiyopaswa kupuuzwa.

Sababu ya sita ni virusi vya kompyuta. Baadhi yake huficha folda zote za diski na kuweka mahali pake njia za mkato, hivi kwamba mtu huamini kuwa nakala zimepotea ilhali zimefichwa tu. Vingine hufunga mafaili kwa siri na kudai fedha. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, na nchini Uingereza taasisi zaidi ya 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa zilivurugika, wagonjwa wakaahirishiwa miadi. Diski ya nakala iliyoachwa imechomekwa usiku na mchana hufungwa pamoja na kompyuta. Kwa hiyo diski ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha itolewe kwa njia salama na kufungiwa.

Kusoma msimbo wa kosa

Watumiaji wengi hufunga dirisha la ujumbe bila kulisoma, ilhali humo ndimo jina la ugonjwa lilimoandikwa. Misimbo ifuatayo ya Windows hujitokeza mara kwa mara.

0x80070070: nafasi kwenye diski haitoshi.
0x80070005: mtumiaji au programu haina ruhusa ya kuandika mahali hapo.
0x80070015: diski haiko tayari, imechomoka, au haijapata umeme wa kutosha.
0x80070020: faili linatumiwa na programu nyingine.
0x80070017: taarifa zilizosomwa si sahihi, sehemu ya diski imeharibika.
0x8007045D: mawasiliano kati ya kompyuta na diski yamekatika, waya, tundu au diski yenyewe ina kasoro.

Misimbo minne ya kwanza kwa kawaida hurekebishwa palepale kituoni. Miwili ya mwisho yataka tahadhari. Ikiendelea kuonekana baada ya kubadili waya na tundu, diski hiyo isiaminiwe tena.

Diski inapougua

Diski ya kuzunguka ina sahani za mviringo na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo sana kuliko unene wa unywele. Ikianguka kutoka mezani inapozunguka, au ikibebwa kwenye pikipiki katika barabara ya mashimo bila kuwekwa kwenye kitu laini, kichwa hicho kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Unyevunyevu wa kando ya ziwa nao huleta kutu kwenye viunganishi. Mfuko usiopitisha hewa, wenye pakiti ya chembe zinazofyonza unyevu, ni kinga rahisi.

Dalili za diski inayougua ni kufunguka polepole mno, mafaili kubadilika majina kuwa alama zisizosomeka, na sauti ya kugongagonga. Sauti hiyo ikisikika, diski izimwe mara moja na isiwashwe tena kwa kujaribujaribu, kwa kuwa kila mzunguko huongeza uharibifu. Ikiwa yaliyomo hayana nakala nyingine, ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa taarifa.

Kosa lililo baya kuliko yote hufanyika hapa. Jedwali la diski likivurugika, Windows huuliza kama mtumiaji angependa kuifomati diski ili aweze kuitumia. Jibu ni hapana. Taarifa mara nyingi bado zimo. Iwapo diski haina sauti mbaya na inasomeka kwa sehemu, kwanza yaokolewe mafaili yanayofunguka kwa kuyanakili kwenye diski nyingine. Baada ya hapo ndipo itumike amri ya ukarabati, chkdsk, ambayo hukagua jedwali na kurekebisha makosa. Kuanza na ukarabati kabla ya kuokoa ni hatari, kwa sababu amri hiyo huweza kukata au kutupa vipande vya mafaili inaposawazisha jedwali.

Kipimo cha mwisho ni kurejesha

Ujumbe usemao kwamba nakala imekamilika unathibitisha jambo moja tu, kwamba programu ilifika mwisho wa kazi yake bila kulalamika. Hauthibitishi kwamba wagonjwa wote wamo. Angalau mara moja kwa mwezi nakala ya karibuni irejeshwe kwenye kompyuta nyingine ya kituo, isiyo ile ya kazi, ili taarifa halisi zisifunikwe na za zamani.

Yafuatayo yalinganishwe: idadi ya wagonjwa katika kanzidata ya kazi na katika iliyorejeshwa, tarehe ya hudhurio la mwisho, na kadi kumi zilizochaguliwa bila mpangilio kutoka kabatini, kila moja ikitazamwa kama dawa na kipimo cha mwisho vinafanana. Matokeo yaandikwe katika daftari lenye tarehe na saini ya aliyepima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu za wagonjwa ni mali ya aina hiyo. Ukurasa mmoja wa daftari unaoonyesha kwamba jana hakuna aliyetia saini ungeokoa miezi mitano ya taarifa.

Jukumu hili lisiwe la mtu mmoja pekee. Karani wa takwimu akienda likizo ya uzazi au akihamishwa, nakala huondoka naye ikiwa yeye ndiye pekee anayejua nywila na mahali pa kebo. Watu wawili wafundishwe, na msimamizi wa kituo atazame daftari kila wiki.

Mahali pa kuitunza

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera. Watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yalibomoka au kupata nyufa, na shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa kiasi cha kufungwa. Diski iliyowekwa juu ya kompyuta, katika chumba kilekile, ingefunikwa na kifusi kilekile. Moto, mafuriko na mwizi nao hawachagui kati ya asili na nakala.

Kanuni inayotumika duniani ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Kituo cha vijijini Muleba kinaweza kuitimiza kwa kompyuta yenyewe, diski ya nje inayofungiwa kituoni, na ya tatu inayohifadhiwa kwa makubaliano rasmi katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya au kwenye seva iliyoidhinishwa. Diski mbili za nje zinaweza kupokezana kila wiki, moja ikija nyingine ikienda, ili kusiwepo siku ambayo zote zimo katika chumba kimoja. Hata pale ambapo mfumo unaendeshwa kwa intaneti na taarifa zinatunzwa kwingine, msimamizi aulize nani anarudufu, mara ngapi, na lini ilijaribiwa kurejeshwa.

Siri ya mgonjwa

Diski inayosafiri hubeba majina, namba za simu, vijiji na hali za watu kuhusu VVU. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa taarifa hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo diski ifungwe kwa nywila inayoyasimba yaliyomo, ili atakayeiokota asione kitu. Nywila iandikwe na kutiwa katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya kituo, kwa kuwa nywila ikisahaulika hata mwenye haki hataweza kuifungua. Diski iliyoharibika isipelekwe kwa fundi yeyote wa mtaani bila kibali, wala isitupwe jalalani. Iharibiwe kwa kuvunjwa sahani zake mbele ya shahidi, na tukio hilo liandikwe.

Mgonjwa afanye nini

Mgonjwa hana mamlaka juu ya kompyuta ya kituo, lakini anayo sehemu yake katika kulinda historia ya afya yake. Kadi yake aitunze mahali pakavu, ndani ya mfuko wa nailoni, na aende nayo kila anapohudhuria. Ajifunze jina la dawa anayotumia, mwezi na mwaka alioanza, na matokeo ya kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi. Anaposafiri kwenda visiwani au mkoa mwingine kwa kipindi kirefu, aombe barua ya uhamisho.

Akifika kituoni akaambiwa kwamba taarifa zake hazionekani, asikatae kurudi wala asiache dawa. Aonyeshe kadi na kopo la dawa anazotumia, na aeleze waziwazi kwamba yeye si mgonjwa mpya. Mhudumu naye asimfungulie namba ya pili kabla ya kutafuta kadi ya kituo kabatini. Pale kumbukumbu za miezi kadhaa zinapokuwa zimepotea, kabla ya mtu yeyote kutumwa nyumbani kumtafuta mgonjwa, daftari la dawa na kadi vilinganishwe kwanza na orodha. Dakika kumi za kulinganisha huweza kuzuia aibu isiyofutika.

Mwisho wa siku ya kazi, kabla ya taa kuzimwa, maswali matatu yanatosha. Je, nakala ya leo imeonekana kwenye diski kwa tarehe sahihi? Je, diski imetolewa na kufungiwa? Je, daftari limetiwa saini? Kituo kinachoweza kujibu ndiyo kwa yote matatu kitapoteza, kompyuta yake ikiungua usiku huo, kompyuta tu. Kesho yake asubuhi mama aliyetoka Kamachumu kwa miguu ataitwa kwa namba yake, na mhudumu atajua dawa anayotumia.